Ukanda wa Mkia wa Kashka

Kijijini wanasimulia kwamba siku ile nilipodondoka kutoka kwa farasi nilikuwa nimelewa. Sikulewa. Farasi naye hakulewa. Tandiko halikuwa na ukanda wa mkia, basi. Ukanda alikuwa nao mke wangu Zuura, ameushona kwenye skii zake, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini.

Zuura alifariki vuli iliyopita. Sasa kila mtu anamsimulia apendavyo, na yeye hayupo wa kuwakatiza. Alikuwa hodari wa kukatiza watu. Mimi kusimulia sijui. Nilisoma madarasa manne, nikapewa kondoo. Nitasema niliyoyaona.

Alizaliwa Teke-Jatak, juu kabisa, korongo linapoishia. Baba yake alikuwa mwindaji. Wakati wa baridi farasi hafiki kule, theluji inamfika kifuani, kwa hiyo mzee yule alitembea kwa skii mbili za mbao ya msonobari alizochonga mwenyewe, chini amezipigilia misumari ngozi ya mguu wa farasi. Manyoya ya mguu wa farasi yanalala upande mmoja. Ukisukuma mbele, mbao inateleza. Ikitaka kurudi nyuma, manyoya yanasimama na kung'ata theluji. Ndivyo mtu anavyopanda mlima bila kurudi alikotoka. Zuura alipofika miaka saba alikuwa anapanda nyuma ya baba yake akimwuliza maswali, na mzee alisema mbuzi-mwitu wote walihama bonde kwa sababu ya maswali hayo.

Nilimwoa akiwa na miaka ishirini na mmoja. Hakuwahi kutamka jina langu. Kwetu mke hatamki jina la mume. Tulipopata binti yetu akaniita Baba Ayperi. Kabla ya hapo aliniita "wewe", na nikikosea, "mnyama".

Alikuja na hema. Ndilo hasa lililoleta haya yote. Hema la sufu, lile la duara, lenye tundu juu la kutolea moshi. Mama yake na shangazi zake wawili walikaa majira matatu ya baridi wakikanyaga sufu na kufuma mikanda myekundu ya kulifungia. Kila kiangazi tulihamia nalo malishoni. Vuli ikirudi, Zuura alilikunja mwenyewe na kulilaza ghalani, na hakuna aliyeruhusiwa kushika kamba. Hata mimi. Hasa mimi.

Miaka kumi na moja iliyopita, Ayperi alijifungua mjini Karakol. Zuura akaenda kukaa naye siku arobaini. Ndipo akaja Ermek.

Ermek ni kiongozi wa vijana wanaowapeleka wageni milimani. Wageni hao wanakuja wakati wa baridi, wanapanda mlima kutwa nzima ili wateremke kwa dakika kumi, halafu wanafurahi. Ermek alinywa chai, akasema, "Mzee Mamyt, wilaya nzima hakuna hema kama la kwenu."

Nikasema kweli.

"Linalala ghalani, halionekani na mtu."

Nikasema kweli.

"Likisimama Teke-Jatak majira haya, wageni walale humo, si litajulikana?"

Nikasema kweli mara ya tatu. Sikuona mtego. Kesho yake vijana walilipakia juu ya farasi wanne, theluji ilikuwa haijaziba njia, wakalisimamisha kule juu.

Zuura aliporudi alishuka garini, akaenda ghalani kabla ya kuvua kilemba. Akatoka, akasimama mbele yangu.

"Baba Ayperi."

"Naam."

"Ghala limejaa hewa."

"Nimeazimisha."

"Umeazimisha nini?"

"Hema."

"Hema la nani?"

Nikatazama ng'ombe.

"Usimtazame ng'ombe, hana jibu. La nani?"

"Letu."

"Letu! Mama yangu alipokuwa anakanyaga sufu mpaka miguu inavimba, wewe na huo uletu wako mlikuwa wapi?"

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nachunga kondoo wa serikali. Sikulisema hilo.

Hata hivyo angenisamehe kufikia jioni, kama si dada yangu. Sonun ni dada yangu mdogo, ameolewa nyumba ya tatu kutoka kwetu na Jolchu, mwenye pikipiki ya theluji, ile inayokwenda kwa mnyororo badala ya magurudumu, ya pekee kijijini. Aliingia na sahani ya nyama, uso umejaa wema.

"Karibu nyumbani, wifi. Pole na safari. Wala usijisumbue na mambo ya kule juu. Wageni nitawapikia mimi. Jolchu atanipandisha na pikipiki."

"Hema lile lina mwenyewe," Zuura akasema.

"Lina wenyewe, wifi. Liliingia boma la baba yangu. Kilichoingia kwa baba yangu ni cha kwetu."

"Mimi pia niliingia boma la baba yako. Basi na mimi ni wako. Njoo unioshe miguu, nimetoka safari."

"Wifi, una miaka hamsini na tisa. Utafikaje Teke-Jatak? Utabebwa na tai?"

"Wewe una hamsini na tano na unabebwa na mumeo. Nani kati yetu mzee?"

Ikabidi Ermek aitwe. Alikuwa anawaogopa wote wawili, nilimwona anavyoshika kofia. Akatoa neno la wazee: mwanamke anayewasha moto wa kwanza wa majira ndiye mwenye jiko. Wageni wa kwanza wangefika Jumatano baada ya majuma mawili. Moto uwashwe siku hiyo hiyo, maana moto wa hema lisilo na mgeni hauhesabiwi. Atakayeuwasha atapika mpaka theluji iyeyuke. Akaondoka bila kumaliza chai.

Kwa mtu wa nje hilo ni jambo la sufuria. Kwetu siyo. Mwanamke mwingine akiwasha moto katika hema lako majira mazima, hema limehama. Litarudi ghalani kwako, lakini harufu yake ni ya mwingine. Zuura alilijua hilo na Sonun alilijua. Mimi ndiye niliyekuwa nimesahau.

Asubuhi Zuura akaenda kutoa skii jikoni.

Hizo skii zilikuwa za msichana wa Norwei aliyelala kwetu majira yaliyotangulia. Alilipenda zulia letu la sufu lenye nakshi ya pembe za kondoo. Hakuwa na kitu cha kubadilishana ila skii zake, viatu vyake na ngozi zake za kupandia, na aliziachia upesi mno, nikashangaa. Kijiji kizima kilicheka. Zilikuwa pana kama ubao wa kusukumia unga, na kwa kweli ndivyo Zuura alivyozitumia mwaka mzima. Na zilikuwa na pua mbili. Skii ya kawaida ina pua mbele imepinda juu, nyuma imekatwa bapa. Hizi zimepinda mbele na nyuma. Vijana wa kwao wanazitaka hivyo ili wateremke kinyumenyume. Sijui wanamkimbia nani.

Ngozi zake za kupandia si ngozi. Ni utepe mpana wa kitambaa, upande mmoja manyoya mafupi, upande wa pili gundi isiyokauka. Unabandika chini ya skii ukitaka kupanda, unabandua ukitaka kuteremka. Mbele kuna kitanzi cha kuvisha kwenye pua. Nyuma kuna ndoano ya chuma ya kushika mkia wa skii.

Zuura akajaza sufu ndani ya viatu vya Mnorwei, vilikuwa kama mabakuli ya supu, akapanda kilima cha nyuma ya zizi. Hatua kumi na mbili alipanda vizuri. Ya kumi na tatu ndoano iliteleza. Skii ile haina kona ya kushikwa nyuma, mkia wake ni mviringo na umepinda juu, na ndoano ilikaa pale kama mkono wenye sabuni. Ikatoka. Theluji ikaingia kati ya gundi na ubao. Ngozi ikabanduka, ikawa inaburuta nyuma kama ulimi wa mbwa aliyechoka, na Zuura akaanza kurudi. Mimi nilikuwa chini nageuza samadi. Alinipita akiwa ameketi.

Akatoka katika lundo la samadi, akajikung'uta.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Vizuri."

Nilitaka kusaidia. Kosa lilikuwa langu. Siku ya pili nikaleta nyundo na misumari, kama ya baba yake.

"Hii si mlango wa zizi," akasema. "Baba yangu alitembea na ngozi kupanda na kushuka. Hizi zina chuma ubavuni na nta chini. Ukipigilia msumari nitakupigilia wewe."

Siku ya tatu ngozi zilikuwa zimelowa. Akaniambia nizianike karibu na jiko. Nikazianika. Nilizilaza chini, kwenye zulia la sufu, nikazikanyagakanyaga zinyooke. Nilizilaza kwa upande wa gundi.

Nilipozinyanyua zilikuwa na manyoya pande zote mbili.

Zuura alizitazama, akanitazama, akazitazama tena. Alikaa siku mbili akiitoa sufu kwa kisu, kisha anaweka karatasi juu ya gundi na kupitisha pasi ya moto, karatasi inanyakua nywele, anabandua, anaweka nyingine. Aliniambia, "Baba Ayperi, kuanzia leo nisaidie kwa kukaa mbali."

Nikakaa mbali. Lakini siku ya sita alipokwenda kukamua, niliziona skii uani na ngozi pembeni, nikasema nimbandikie tu, nimpunguzie kazi. Nilizibandika vizuri, zimenyooka. Akazivaa, akapiga hatua moja kupanda, akarudi tatu. Nilikuwa nimebandika manyoya yakitazama mbele.

"Miaka yote hii unapapasa farasi," alisema, "na hujui manyoya yanalala wapi."

Gundi ikipata baridi haishiki. Kwa hiyo alilala nazo. Majuma mawili tulilala watatu: yeye, mimi na ngozi za Mnorwei. Alizikunja gundi kwa gundi, akazikumbatia tumboni. Nilipojaribu kusogea alisema, "Taratibu, utaziamsha."

Lakini joto halikutosha. Kila siku alipanda kilima, na kila siku ule mkia ulikataa ndoano. Akafunga kwa waya, waya ukakatika. Akafunga kwa utepe wa plastiki, ukaganda na kupasuka. Tukajua sasa kwa nini Mnorwei aliziachia upesi. Ikafika Jumapili. Zilibaki Jumatatu na Jumanne tu. Zuura alikaa kwenye kizingiti akiwatazama farasi wanavyoteremshwa mtoni kunywa maji.

Jumatatu nikamtandika Kashka, nikaenda dukani kuchukua chumvi. Kashka ni yule mwenye baka jeupe usoni, farasi mpole, sasa naye mzee. Njia ya dukani inateremka ghafla, na dukani daima kuna wanaume. Siku ile walikuwepo kama kumi. Jolchu alikuwepo, ameshika mkanda mpya wa injini ya pikipiki yake uliokuja kutoka mjini asubuhi ile, anauonyesha watu kama mtoto aliyezaliwa.

Katikati ya mteremko nikahisi tandiko linaondoka. Nikavuta hatamu. Likazidi kwenda. Lilipanda mabega ya Kashka, mimi juu yake, likafika shingoni. Nikayashika masikio. Kashka alishangaa kuniona pale, akainamisha kichwa atazame kuna nini. Nikateremka juu ya uso wake, nikaketi kwenye theluji mbele ya duka, tandiko mapajani.

Jolchu akasema, "Shemeji, mlango wa kushukia uko ubavuni."

Wakacheka mpaka mwenye duka akatoka kuuliza nani amekufa.

Nikamtazama Kashka nyuma. Hakuna ukanda wa mkia. Ule ukanda wa ngozi unaotoka nyuma ya tandiko, unapita chini ya mkia wa farasi, unalizuia tandiko lisikimbilie shingoni kwenye mteremko. Mtandikaji yeyote anaukagua. Miaka hamsini nilikuwa naukagua. Siku ile nilikuwa nawaza hema.

Nilirudi kwa miguu. Sikumbuki kama nilichukua chumvi.

"Ukanda wa mkia wa Kashka uko wapi?"

Zuura alikuwa ameketi na sindano ya kushonea hatamu. Hakuinua uso. Akanyoosha kidole kwenye skii.

Alikuwa amezing'oa zile ndoano na kuzitupa. Mwisho wa kila ngozi alishona ukanda wa mkia. Mmoja aliutoa kwenye tandiko la zamani la marehemu baba yangu. Wa pili ulikuwa wa Kashka. Ukanda uliukumbatia mkia wa skii chini na pande zote mbili, ukapanda juu yake, ukaja mbele mpaka nyuma ya kisigino, pale kinapofungwa kiatu, na pale akaweka bizimu, kile chuma cha kukazia mkanda. Ukivuta bizimu, ngozi inakazwa kutoka puani mpaka mkiani. Haina pa kwenda.

"Nilikuwa nawatazama farasi wanateremka," akasema. "Tandiko linataka kukimbia, ukanda unalishika chini ya mkia. Nikasema, na hii si ina mkia? Mnyama mwenye mkia namtafutia ndoano ya nini?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningevunjika shingo."

"Umevunjika?"

"Nimechekwa."

"Hilo nimelisikia hapa hapa."

Nikakaa chini. Nikavuta ule ukanda kwa nguvu. Haukusogea. Nikasema umeshonwa vizuri. Akasema najua.

Jumanne na usiku wake theluji ilianguka. Jumatano alfajiri kulikuwa na theluji mpya mpaka kiunoni. Nilimpakia Kashka mzigo, nikamfunga tandiko kwa kamba badala ya ukanda, nikamsindikiza Zuura mpaka mdomo wa korongo, pale farasi wanapoishia. Akavaa mzigo mgongoni: unga, mafuta, chai, kikaango. Akatoa ngozi kifuani zikiwa na joto, akazibandika, akakaza bizimu kama anayekaza tandiko.

Nyuma yetu pikipiki ikanguruma. Jolchu mbele, Sonun nyuma yake amevaa koti la harusi, na kwenye sleji, kile kigari cha kuteleza kinachokokotwa nyuma, wamefunga sanduku, birika kubwa la mkaa, na mwiko mrefu umesimama kama bendera.

"Wifi!" Sonun akapiga kelele. "Ukifika ubishe hodi!"

"Nitabisha, ukiwahi kuwa ndani!"

Wakapita, theluji ikaturukia usoni. Zuura akapangusa macho, akaanza kupanda. Hakwenda haraka. Hatua, hatua. Mkia wa kila skii ulifuata na ngozi yake.

Kona ya pili, ambapo korongo linasimama wima, nikasikia ile ngurumo inapanda, inapanda, halafu inazama. Nikaenda na koleo kwa kufuata njia yao, nikijua nitakachokuta. Pikipiki ilikuwa imezama mpaka usukani. Kadiri Jolchu alivyotia moto ndivyo ilivyojichimbia. Sonun alikuwa amekaa juu ya sanduku. Theluji ilimfika kifuani, mwiko mkononi.

Zuura aliwapita kwa kando, juu ya theluji ile ile, kwa sababu skii pana hazizami. Ubao wa unga ulijua kazi yake.

"Wifi! Utapita hivi hivi?"

"Nakuona, wifi. Theluji imekukaribisha mpaka kifuani. Tulia hapo, nawasha moto, uje unywe chai."

"Ngoja tu hizo ngozi zibanduke!"

"Zimeshika mkia, wifi. Kama wewe ulivyomshika mumeo."

Jolchu alicheka. Sonun akampiga na mwiko.

Tukachimba. Zuura alikuwa doa jeusi mlimani. Mteremko wa mwisho kabla ya Teke-Jatak ni mkali, na upepo unapiga hapo. Nikamwona anasimama. Kisha anakaa.

Jolchu akaacha koleo. "Amekwama."

Niliona ameinama, anavua skii moja. Baadaye aliniambia gundi ilikuwa imeganda kwa baridi, ngozi ikaachia katikati na kuning'inia, lakini kitanzi na ukanda viliishika isimkimbie. Kwa ndoano ingekuwa imepeperuka mpaka Uchina. Pale chini hatukuyajua hayo. Tulimwona amekaa tu, na upepo.

Sonun akasema, polepole, si kwa mtu, "Hema libaki kwake. Asiumie tu."

Tukamwona anafungua koti na kuiingiza ile ngozi ndani, kifuani, na kujikunja juu yake. Akakaa hivyo. Nilihesabu, nikapotea, nikaanza upya. Kisha akainuka, akabandika, akakaza bizimu, akapiga skii chini mara mbili kama tunavyompiga farasi begani. Akapanda, akapita ukingo.

Pikipiki tuliikokota mpaka saa nane. Wakati tunaisukuma, Jolchu akanigusa. Juu, nyuma ya ukingo, moshi ulikuwa umesimama. Mwembamba, mweusi kidogo, wa samadi kavu tunayowashia moto. Halafu ukawa mweupe.

Sonun aliutazama. Akauchomeka mwiko kwenye theluji, akauacha pale.

Tulipofika juu kwa miguu, tukifuata alama za Zuura, Ermek na wageni walikuwa wameshafika na skii zao kwa upande wa pili wa mlima, wameketi kuuzunguka moto, nyuso nyekundu. Maandazi yalikuwa yanakaangwa. Skii mbili zenye pua mbili zilikuwa zimesimama mlangoni, na wageni wawili walikuwa wamepiga magoti nje wanapiga picha ukanda wa mkia wa Kashka.

Sonun akasimama kizingitini. Hakuingia. Nikajua sasa Zuura atasema neno, na neno lile litadumu miaka. Zuura akapangusa mikono, akamwendea, akamshika mkono.

"Karibu, wifi. Pita juu."

Juu ni mahali pa heshima, mkabala na mlango, nyuma ya moto. Zuura akamtandikia godoro lake la kwanza, la harusi, akamketisha, akamwekea mto. Akampa kikombe cha kwanza, kabla ya wageni, kabla ya Ermek. Sonun hakuweza kukataa. Mtu hakatai mahali pa heshima. Akanywa. Alipotaka kuinuka amsaidie kukanda unga, Zuura alishtuka.

"Astaghfirullahi! Keti, wifi. Wewe mgeni."

Mgeni wa mahali pa juu hagusi sufuria. Ndiyo desturi, na Sonun aliijua kuliko sisi sote. Akanitazama. Nikatazama moto, maana ng'ombe hakuwepo.

"Kaka," akasema, "mkeo amenifunga ukanda wa mkia."

Basi hema lote likacheka, na Zuura akacheka mpaka akaegemea nguzo, na Sonun naye ikamshinda. Wageni wakacheka bila kujua.

Miaka kumi Zuura alipika kule. Kila majira siku ya moto wa kwanza Sonun alipandishwa na Jolchu, akaketishwa juu, akapewa kikombe cha kwanza, akalalamikia chumvi. Ermek aliwashonesha vijana wake mikanda kama ile. Mimi nilimnunulia Kashka ukanda mwingine. Ule wa zamani Zuura hakuurudisha.

Mwaka huu theluji ilipoanza, Ermek alikuja. Alishika kofia. Aliuliza moto wa kwanza atawasha nani. Nikasema nitafikiri. Sikufikiri. Jumatano nikapanda, nyuma ya pikipiki ya Jolchu, kikaango kifuani. Skii za Zuura nilizibeba, sijui kwa nini, sijui kuzitembelea. Nilizisimamisha mlangoni.

Nikawasha moto. Nikakanda unga. Alhamisi kwetu tunakaanga kwa ajili ya marehemu wapate harufu. Nilitaka nianze siku moja mapema, nijue kama naweza. Sikuweza. Mafuta yalishika moshi. Maandazi yakawa meusi nje, mabichi ndani.

Sonun alikuwa ameketi juu, kwenye godoro lile lile. Alikuwa amepita mwenyewe bila kuambiwa. Ana miaka sitini na sita, magoti yanamwuma. Alinitazama nikiunguza kikaango cha kwanza. Nikamwambia, "Sonun, dada yangu, njoo basi. Jiko sasa ni lako."

"Mimi mgeni," akasema.

"Nakuomba."

"Aliniketisha hapa mwenyewe. Akitaka niinuke atakuja kuniambia."

"Nitaunguza tena."

"Unguza. Punguza moto kidogo. Siyo hivyo. Kaka, wewe! Siyo hivyo, geuza!"

Lakini hakuinuka. Nikageuza. Nikaunguza kikaango cha pili kidogo kuliko cha kwanza. Nikampa kikombe cha kwanza na andazi moja. Alilitafuna muda mrefu, akalimeza kwa chai.

"Chumvi," akasema.